R21, R01 au K43: uandike ipi kwanza ukiomba fedha za utafiti wa tiba kutoka NIH

"Shikamoo kaka. Swali langu ni moja tu: niandike R21 au nijitose moja kwa moja kwenye R01?"

Anayeuliza ni daktari wa Moshi, mhadhiri kijana, mwaka wa tatu tangu apate shahada ya uzamivu. Anao wagonjwa wa kisukari aliowafuatilia kwa mwaka mmoja na nusu, na anao wenzake katika chuo kikuu kimoja cha Marekani walio tayari kuandika naye. Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia swali lake limebeba mengine mawili mgongoni: nani ataishika hiyo ruzuku, na yeye mwenyewe amebakiwa na muda gani. Simu ilichukua saa nzima. Maswali ya namna hiyo nayapata pia kutoka kwa ndugu zetu walioko Baltimore, Boston na Seattle, wenye vitambulisho vya vyuo vya huko lakini wasio na mtu wa kukaa nao chini akawaeleza. Ndiyo maana nimeona niyaweke kwa maandishi.

Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, ambazo kila mtu anaziita NIH tu, ni mkusanyiko wa taasisi na vituo 27. Bajeti yake miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka dola bilioni 47 hadi 48 kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 80 ya fedha hizo hutoka nje ya makao yake ya Bethesda, Maryland, kwenda kwa watafiti wa vyuo vikuu na hospitali. Kila aina ya ruzuku ina herufi na namba. R ni ya utafiti wenyewe (R01 ni ruzuku kamili ya utafiti, R21 ni ya kujaribu wazo jipya), K ni ya kumjenga mtafiti, D43 ni ya mafunzo yanayoendeshwa na taasisi. Ukikaa na watu wa kazi hii utasikia namba hizo kama watu wa daladala wanavyotaja njia.

R21 si R01 ndogo

Wengi huiendea R21 kwa fikra ya haba na haba hujaza kibaba: nianze na ndogo, wanizoee, kisha niombe kubwa. Nami nilifikiri hivyo miaka mingi. Ni fikra inayowagharimu vijana kuliko kosa lingine lolote ninalolijua, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

| | R21 | R01 |
|---|---|---|
| Muda | hadi miaka 2 | hadi miaka 5 |
| Gharama za moja kwa moja (za kazi yenyewe ya utafiti) | jumla isizidi dola 275,000, na mwaka mmoja usizidi 200,000 | hazina kikomo cha jumla. Ukifika dola 500,000 kwa mwaka lazima uombe ruhusa kabla ya kutuma |
| Kurasa za mkakati wa utafiti | 6 | 12 |
| Data za awali | si lazima | zinatarajiwa |
| Muda ukiisha | haihuishwi | unaweza kuomba ihuishwe |
| Tarehe za ombi jipya | 16 Februari, 16 Juni, 16 Oktoba | 5 Februari, 5 Juni, 5 Oktoba |

Mstari wa data za awali ndio unaowavuta watu. Tangazo la NIH la kuombea R21 linasema si lazima, na ni kweli si lazima. Lakini jopo linalokaa kupitia maombi ni la wanadamu. Mezani kwao kuna maombi mengine ya R21 ambayo waandishi wake wameweka picha, jedwali na matokeo ya majaribio ya awali, na lako limekuja na hoja tupu. Hakuna mpitiaji atakayeandika kwamba amekupunguzia alama kwa kukosa data. Ataandika tu kwamba hakushawishika kuwa jambo linawezekana. Kwa miaka mingi asilimia ya maombi ya R21 yanayofaulu imekuwa chini ya ile ya R01, na hilo huwashangaza wanaoiona R21 kama mlango wa uani.

Kisha kuna saa. Miaka miwili Marekani, kwa mtafiti mwenye sampuli tayari kwenye friji na kibali cha maadili cha chuo chake mkononi, inatosha. Miaka hiyo hiyo miwili kwa kazi inayofanyika Moshi, Kisumu au Mbarara ni kitu kingine. Tanzania utahitaji kibali cha bodi ya maadili ya taasisi yako na kile cha taifa kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mtafiti mgeni anapita COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya, kibali cha maadili halafu leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya huko. Uganda, kamati ya maadili kisha UNCST, baraza la sayansi la huko. Ukitaka kusafirisha sampuli, kuna mkataba wa uhamishaji wa sampuli unaojadiliwa na wanasheria wa pande mbili. Sisemi taratibu hizi ni mbaya. Zinawalinda wagonjwa wetu, na historia ya utafiti barani Afrika inaonyesha kwa nini zinahitajika. Nasema tu kwamba zinakula miezi, na R21 haina miezi ya kuliwa. Unaweza kuomba nyongeza ya muda hadi miezi 12, lakini haiji na fedha mpya, na muuguzi uliyemwajiri hawezi kulipwa kwa muda mtupu.

Wakati huo huo ruzuku haihuishwi. Mwezi wa ishirini na tano unafika, mshahara wa msaidizi wa utafiti umekwisha, na ombi la R01 ulilopaswa kulituma mwezi wa kumi na nne bado ni rasimu kwa sababu matokeo yalichelewa. Ombi la NIH huchukua takribani miezi tisa au kumi tangu kutumwa hadi fedha kuanza: ukituma Juni, jopo hukaa Oktoba au Novemba, baraza la taasisi hukaa Januari, na fedha huanza Aprili kama mambo yamekwenda sawa. Kwa hiyo mwenye R21 anayetaka kuendelea bila pengo ni lazima awe anaandika R01 yake karibu tangu siku aliyoipokea R21.

Je, R21 haina mahali pake? Inapo, na panapoifaa ni nzuri kuliko zote. Umepata njia mpya ya kutambua ugonjwa kwenye tone la damu na unataka kuijaribu kwenye sampuli zilizokwisha kuhifadhiwa. Una kumbukumbu za wagonjwa elfu kadhaa zilizokwisha kusafishwa na swali jipya la kuziuliza. Unataka kujua iwapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wataweza kutumia kifaa fulani, kabla hujathubutu kuwapa mia tatu. Swali ambalo jibu lake ni "inawezekana" au "haiwezekani", na ambalo hata jibu la pili litamfaa mwingine, hilo ndilo swali la R21. Hakikisha tu kwamba taasisi ya NIH unayoilenga inapokea R21 za jumla, maana baadhi haziipokei kabisa nje ya matangazo yao maalumu. Na soma tangazo linasemaje kuhusu majaribio ya kitabibu. Ukituma jaribio la kitabibu kwenye tangazo lisiloliruhusu, ombi hurudishwa bila kusomwa.

R03 nitaigusa kwa mkato. Ni dola 50,000 kwa mwaka kwa miaka miwili, kurasa sita. Kwa kuchambua data zilizopo, sawa. Kwa kazi ya uwandani, hapana.

Saa ya miaka kumi

Sasa upande wa R01, na hapa ndipo penye jambo ambalo kijana asipoambiwa mapema hulijutia. NIH ina hadhi inayoitwa ESI, kwa watafiti wa hatua za awali. Unahesabika nayo ukiwa ndani ya miaka 10 tangu umalize shahada yako ya mwisho au mafunzo ya ubingwa, lipi lililokuja baadaye, na hujawahi kushinda ruzuku kubwa ya NIH kama mtafiti mkuu. Taasisi nyingi za NIH huyapa maombi ya R01 ya watu hao kipaumbele wakati wa kugawa fedha. Hadhi hiyo haiondoki ukipata R21, R03 au K. Inaondoka siku unayopata R01 ya kwanza, au siku miaka kumi inapokwisha, hata kama hujaandika ombi lolote.

Kwa hiyo kijana anayezunguka na R21 tatu mfululizo, mbili zikakataliwa na moja ikapita, anaweza kufika mwaka wa tisa akiwa hajawahi kuitumia nguvu hiyo hata mara moja. Nimewaona watu wazuri sana wakiipoteza hivyo.

Akina mama wasikilize: tangu 2018 NIH huongeza mwaka mmoja kwa kila mtoto aliyezaliwa ndani ya kipindi hicho. Unaomba kupitia akaunti yako ya eRA Commons, mfumo wa mtandaoni wa NIH wa kushughulikia maombi. Kuna pia nyongeza kwa sababu za ugonjwa, kulea mgonjwa na mengineyo, lakini hizo huamuliwa moja moja. Nimekutana na wawili waliokuwa wakiamini muda wao umekwisha kumbe kila mmoja ana watoto wawili ndani ya ile miaka kumi.

Namna maombi yanavyopimwa nayo imebadilika, na mabadiliko hayo kwa maoni yangu yanamsaidia mtu wa chuo kisicho na jina kubwa. Zamani kulikuwa na vigezo vitano, kila kimoja na alama yake, na viwili kati yake vilikuwa mtafiti na mazingira ya kazi. Chuo kikubwa kilipata alama nzuri kwa jina lake. Kwa maombi yanayotumwa tangu 25 Januari 2025, vigezo vimepangwa upya kuwa mambo matatu: umuhimu wa utafiti, umakini wa mbinu na uwezekano wa kutekelezeka, utaalamu na nyenzo. Mawili ya kwanza hupewa alama kati ya 1 na 9, moja ikiwa ndiyo bora. La tatu halina alama. Wapitiaji husema tu kwamba utaalamu na nyenzo zinatosha, au waeleze kinachokosekana.

Sitasema upendeleo umekwisha. Jina bado linasomwa. Lakini sasa mwenye hospitali ya rufaa yenye wagonjwa halisi wa ugonjwa anaousoma, na mbinu iliyonyooka, anaweza kupata alama nzuri kwenye mambo mawili yenye uzito bila kulaumiwa kwa kukosa jengo la vioo. Kwa R01 hilo lina maana zaidi kuliko kwa R21, kwa sababu kurasa kumi na mbili zinakupa nafasi ya kuonyesha uwezekano, na kurasa sita zinakubana hapo hapo.

Bajeti iangaliwe kulingana na ulipo. Aliye chuo cha Marekani anaweza kutumia bajeti ya mafungu, yaani anaomba kwa vipande vya dola 25,000 kila kimoja, jumla isizidi 250,000 kwa mwaka, bila kuchambua kila senti. Aliye Dar es Salaam au Eldoret haruhusiwi njia hiyo. Anaandika bajeti ya kina, mstari kwa mstari. Ni kazi zaidi, ila inamlazimisha kujua mapema mafuta ya gari ni kiasi gani.

K43 na ndugu zake: ukinunua muda

Yule daktari wa Moshi nilimuuliza swali moja lililobadilisha mazungumzo: kwa wiki unapata siku ngapi za kuandika na kufikiri? Akanyamaza. Kisha akasema, "Jumamosi asubuhi, kama sina zamu."

Mtu wa namna hiyo hana upungufu wa fedha za vitendanishi. Ana upungufu wa siku. Ruzuku za K zipo kwa ajili yake: hulipia sehemu ya mshahara ili taasisi imwachie asilimia 75 ya muda wake kwa utafiti na kujifunza, chini ya wasimamizi wanaotajwa kwa majina ndani ya ombi.

Uraia ndio unaogawa njia hapa. K01, K08 na K23 ni za raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya aliye huko kwa viza ya mwanazuoni asipoteze usiku wake. Aliye Marekani bila ukaazi, akiwa bado kwenye mafunzo ya baada ya uzamivu, anayo K99/R00: hadi miaka miwili ya mafunzo, kisha hadi miaka mitatu ya kujitegemea katika chuo cha Marekani kitakachomwajiri, kwa kikomo cha dola 249,000 kwa mwaka katika awamu hiyo ya pili. Lakini uzoefu wake wa baada ya uzamivu usiwe umezidi miaka minne. Hiyo minne huisha haraka kuliko inavyoonekana.

K43 ni ya yule aliye nyumbani. Inaratibiwa na Kituo cha Kimataifa cha Fogarty, kilichoanzishwa 1968 na kupewa jina la mbunge wa Rhode Island, John E. Fogarty. Mwombaji lazima awe mwanasayansi wa nchi ya kipato cha chini au cha kati mwenye nafasi katika taasisi ya nchi hizo, na fedha hushikwa na taasisi hiyo. Ni miaka mitatu hadi mitano. Unakuwa na msimamizi wa nyumbani na wa Marekani. Naipenda kwa sababu inamjenga mtu mahali atakapobaki. Wengi waliopita kwenye mafunzo ya Fogarty leo ndio wanaoongoza idara katika vyuo vyetu, kama ilivyokuwa kwa MEPI, mpango wa elimu ya tiba ulioanza 2010 na kuingia vyuo vya tiba 13 katika nchi 12 za Afrika, kikiwamo kile cha KCMC pale Moshi, Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere.

Udhaifu wake ni mmoja nao ni mkubwa: Fogarty iko hatarini kisiasa. Pendekezo la serikali ya Marekani la bajeti ya 2026 lilitaka ifutwe, kama lilivyotaka lile la bajeti ya 2018 ambalo Bunge lililikataa. Kwa hiyo usijenge miaka mitatu ya maisha yako juu ya K43 pekee. Kagua Grants.gov, tovuti ya ruzuku ya serikali ya Marekani, kama tangazo liko wazi kabla hujaandika hata sentensi moja. Tangu mwaka wa fedha wa 2026 huko ndiko matangazo rasmi yanakopatikana. Ule mwongozo wa zamani wa NIH tuliozoea kuusoma kila wiki hauchapishi tena nafasi za fedha.

Nani ashike ruzuku

Kwa miaka mingi utafiti mwingi wa NIH kwetu ulikuja kwa ruzuku ndogo: chuo cha Marekani kinashinda, kisha kinaingia mkataba na chuo cha huku na kukimegea. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Indiana na Moi pale Eldoret, wa Duke na KCMC, wa Weill Cornell na Bugando pale Mwanza, wote umeitumia njia hiyo kwa namna moja au nyingine. Tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku mpya au zilizohuishwa zenye ruzuku ndogo kwa taasisi za nje mpaka mfumo mpya uwepo. Katika mfumo huo kila taasisi ya nje inapokea ruzuku yake yenyewe kutoka NIH, iliyounganishwa na ruzuku kuu, na inatoa taarifa zake moja kwa moja.

Kipindi kile cha katikati kiliumiza. Wapo waliokuwa na maombi yenye alama nzuri yakisubiri, na wagonjwa waliokwisha kuandikishwa kwenye miradi ya awali, na hakuna aliyeweza kuwaambia lini. Hilo sitalisahau.

Lakini mfumo wenyewe, ukiulinganisha na ule wa zamani, una pande mbili, na ni vema kuzitazama zote. Chini ya ruzuku ndogo chuo cha Marekani kilibeba mzigo wa karatasi, nacho kikashika usukani. Fedha zilichelewa kufika, na mtafiti wetu akawa jina la nne kwenye makala ya wagonjwa wake mwenyewe. Sasa fedha zinakuja kwa jina la taasisi yako. Taarifa ya fedha ni yako. Ukaguzi ni wako. Na kosa ni lako.

Taasisi ya nje hulipwa asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji. Fanya hesabu: kwa dola 250,000 za gharama za moja kwa moja kwa mwaka, tukiacha vifaa vikubwa, taasisi yako inapata karibu dola 20,000 za kulipia mhasibu, umeme, intaneti na ofisi ya ruzuku. Chuo cha Marekani chenye kiwango cha asilimia 55 kingepata karibu 137,500 kwa fedha zile zile. Ndiyo maana nasisitiza: gharama unazoweza kuzihesabu kwa haki kama za moja kwa moja, mfano msimamizi wa mradi na mwenye kutunza data, ziandike kwenye bajeti. Usizitegemee zile asilimia nane.

Halafu usajili. Taasisi ya nje huanza na namba ya NCAGE inayotolewa na NATO, kisha inajisajili SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali ya Marekani, na kupata namba yake ya utambulisho, UEI, kisha Grants.gov na eRA Commons. Usajili wa SAM huhuishwa kila mwaka. Chuo kimoja nilichofanya nacho kazi kilikosa tarehe ya mwisho kwa sababu jina lake kwenye NCAGE lilikuwa na neno moja zaidi ya lile la SAM. Ombi lilikuwa zuri. Tulikaa ofisini mpaka saa sita usiku tukiangalia ujumbe ule ule mwekundu kwenye kioo, na mwandishi mkuu alikuwa amesimama dirishani akitupa mgongo. Anza usajili miezi mitatu kabla, hata kama ofisi inakuambia "tulishajisajili."

Ushauri wangu: kama taasisi yako ina ofisi ya ruzuku iliyokwisha kupitia ukaguzi wa wafadhili wa nje, shika ruzuku mwenyewe. Kama haina, ingia na mshirika wa Marekani kwenye ombi la pamoja chini ya mfumo mpya, uchukue sehemu mnayoiweza, na katika miaka hiyo mjenge ofisi.

Mambo ya kiofisi yanayogeuza uchaguzi

Mengine ya karibuni yanagusa uamuzi wa kuandika ipi kwanza. Tangu 25 Septemba 2025 mtafiti mkuu haruhusiwi kutuma maombi zaidi ya sita kwa mwaka, na NIH haipokei maombi yaliyoandikwa kwa kiasi kikubwa na akili unde. Kwa wengi wetu sita ni mengi, ila ule mtindo wa kurusha R21 kila msimu kwa taasisi tofauti umekwisha, na wala siulilii.

La pili ni zito. Mwaka 2025 NIH ilianza kulipa sehemu kubwa ya ruzuku mpya kwa miaka yote kwa mkupuo, badala ya mwaka kwa mwaka. Aliyepata amepata kwelikweli. Lakini kapu la mwaka ni lile lile, kwa hiyo linatosha watu wachache, na alama iliyokuwa ikipita zamani leo inaweza isipite. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikatangazwa kwamba taasisi za NIH zitaacha kutumia mstari wa alama wa kukatia. Alama zitabaki kuwa jambo moja kati ya mengi, pamoja na vipaumbele vya NIH. Kumbe kuzungumza na afisa programu, yaani msimamizi wa ruzuku za fani yako katika taasisi husika ya NIH, kabla ya kuandika, jambo lililokuwa la hiari, sasa nalihesabu kuwa sehemu ya kuandika. Mtumie ukurasa wako mmoja wa malengo, umwombe dakika ishirini. Huwa wanajibu.

Aliye chuo cha Marekani atakuwa amesikia pia kuhusu asilimia 15. Tarehe 7 Februari 2025 NIH ilitangaza kwamba gharama za uendeshaji kwa vyuo vyote zitakuwa asilimia 15, wakati wastani kwa maelezo yake yenyewe ulikuwa kati ya 27 na 28 na baadhi ya vyuo vilizidi 50. Majimbo na vyuo vikaenda mahakamani, na Jaji Angel Kelley wa Boston akaweka zuio, likawa la kudumu Aprili. Kwa mtafiti hilo halibadilishi chaguo la R21 au R01. Linabadilisha nguvu ya chuo chake kumbeba akiwa kwenye pengo la ruzuku. Uliza idara yako kabla ya kusaini mkataba wa ajira: fedha za daraja, za kukuvusha kati ya ruzuku mbili, zipo, na za miezi mingapi?

Mpango wa kutunza na kushiriki data umekuwa wa lazima tangu 25 Januari 2023. Ukiuandika kwa kazi ya Tanzania au Kenya, uende sambamba na sheria za ulinzi wa data, ya 2022 kwetu na ya 2019 Kenya, maana ahadi utakayoiandika Bethesda ndiyo NIMR watakayokuuliza. Makala zilizokubaliwa kuchapishwa tangu 1 Julai 2025 lazima zisomeke bure PubMed Central, maktaba ya mtandaoni ya makala, siku ile ile zinapotoka. Ile miezi kumi na miwili ya kusubiri haipo tena. Na maelezo binafsi ya mtafiti sasa yanaandaliwa kwa SciENcv, chombo cha mtandaoni cha kuandikia wasifu, na kuunganishwa na ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, kwa hiyo fungua akaunti hizo wiki hii.

Kama ungekuwa mdogo wangu

Una swali jipya, sampuli tayari, vibali tayari, na jibu linaweza kupatikana kwa miezi ishirini: R21. Una data zako mwenyewe zilizochapishwa, una miaka ya ESI iliyobaki, na una angalau siku tatu za wiki za kufanya kazi: R01, na usiogope ukubwa wake. Maombi yapatayo nusu hayajadiliwi kabisa kwenye jopo mara ya kwanza, lakini maoni ya wapitiaji unayapata, na unayo miezi 37 ya kulirudisha mara moja likiwa limerekebishwa. Katika miaka yangu sijaona shule ya uandishi inayolingana na kurasa hizo za maoni. Uko kwenye mafunzo Marekani bila ukaazi, chini ya miaka minne: K99/R00, na uianze mwaka wa pili. Uko nyumbani, una data, huna siku: K43, huku ukiandaa R01 pembeni kwa ajili ya siku ambayo tangazo la Fogarty halitakuwepo.

Daktari wa Moshi aliangukia kundi hilo la mwisho. Alikuwa amekuja na R21 kichwani, na kwa wagonjwa wanaohitaji kufuatiliwa miaka minne R21 isingemfikisha popote. Bado ana miaka saba ya ESI. Tulikubaliana aandike K43 kwa kutumia wale wagonjwa wake, na kazi yake ya kwanza haikuwa kuandika chochote bali kwenda kwa mkuu wa idara kuomba barua inayosema, kwa maneno yasiyo na shaka, kwamba asilimia 75 ya muda wake italindwa na zamu zake zitachukuliwa na nani. Bila barua hiyo hakuna ombi.

Alikwenda Jumatatu. Mkuu wa idara amemwambia arudi Ijumaa. Ukurasa wake wa malengo nimeshaupokea, una malengo matano, na nimemrudishia nikimwomba aniambie yapi mawili yaondoke.